Miguu Iliyobaki Ardhini

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu tuongee. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Kazi yangu ni kuwaambia watoto kwamba kila kitu kina sababu yake. Na hili ninalokusimulia lilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa mzima na nimeshiba chai, katika msitu wa paini ulio juu ya Wamagana. Sikuwa na homa, wala sikuwa nimesinzia. Mpaka leo, msimu wa baridi ukifika huku Nyeri na ukungu ukianza kushuka, mikono yangu hainipi utulivu. Naiosha, nainusa, kisha naiosha tena.

Kwetu ni Magharibi, upande wa Kakamega. Ualimu ndio ulionileta huku. Ninaishi Skuta, mjini, na shule yangu iko karibu na Wamagana. Mtu wa kwanza kunifungulia mlango wake huku alikuwa Mama Shiku, mzazi wa mwanafunzi wangu mmoja. Ni mwanamke mchangamfu, mwenye ng'ombe wawili, kahawa kidogo, na mdomo usiojua kupumzika. Mumewe, Baba Shiku, ni seremala. Shiku mwenyewe alikuwa darasa la tatu, mtoto wa kuuliza maswali hata akiwa na chakula mdomoni.

Urafiki wetu ulianzia kwenye uyoga. Wakati wa mvua za masika nilipita shambani kwao nikaona, kando ya kichuguu kilicho kati ya kahawa, uyoga umejitokeza kwa wingi. Nilipiga kelele kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

"Mwalimu, hiyo inaliwa?" Mama Shiku aliniuliza, mikono kiunoni. "Kai! Nyinyi watu wa huko mnakula hata kitu imeota kwa nyumba ya mchwa!"

Nilimpikia. Alionja kijiko kimoja kwa adabu, cha pili kwa uroho, na tangu siku hiyo hakunitania tena. Akaniomba nimfundishe kuutambua. Acha nikufundishe na wewe kwa ufupi, maana bila hayo hutaelewa kwa nini niliogopa.

Uyoga utazame kama unavyomtazama mgeni aliyebisha hodi. Kwanza jiulize ametoka wapi. Huu wa kwetu hutoka kwenye kichuguu, haukosei anwani. Ukiuona mahali pasipo na mchwa, tayari una swali. Halafu mtazame uso. Kofia yake ni ya rangi ya majivu au kahawia, na katikati ina kichomozo kilichochongoka kama ncha ya mwavuli. Kisha mgeuze. Chini ya kofia kuna kurasa nyembamba zilizopangwa kama za kitabu, nazo mwanzo ni nyeupe, halafu huanza kuwa na wekundu hafifu. Mnuse. Unanuka kama unga uliotoka kusagwa. Haya yote ni mazuri kuyajua, na usivunjike moyo ukiyachanganya mara ya kwanza. Hata mimi niliyachanganya.

Lakini ushahidi mkubwa uko mguuni. Nyanya yangu hakuturuhusu kwenda na kisu. Alitufundisha kushika shina chini kabisa, kulizungusha polepole, kisha kulivuta lote. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaoteremka gizani kuelekea kwa mchwa. Kuna uyoga mwingine ambao mguu wake umekaa ndani ya mfuko mweupe uliochanika, kama yai lililopasuka. Ukiona mfuko huo, acha. Usionje wala usijaribu. Na baada ya kuvuta, nyanya alitutaka turudishe udongo kwenye shimo na kuugandamiza kwa kidole gumba. Alisema tunafunga mlango, tusiache nyumba ya watu wazi. Mimi nafanya hivyo hadi leo bila kufikiri.

Nilimwonyesha Mama Shiku yote hayo. Aliangalia, akaitikia, akarudia maneno yangu vizuri kabisa. Lakini hebu niambie, mtu aliyekata nyasi za ng'ombe kila siku tangu utotoni, mkono wake utasahau kisu kwa somo la siku moja?

Mwezi wa saba ukaja na baridi yake. Jumamosi moja Mama Shiku alinipigia simu, sauti imejaa furaha.

"Mwalimu, leo ni wewe mgeni. Sitaki kusikia ati umekula."

Nilifika alasiri. Jikoni kulikuwa na wali wa mchele wa Wang'uru, unanukia mpaka nje. Mezani palikuwa na beseni limejaa uyoga, umeoshwa, unameremeta. Mama Shiku alisimama kando yake kama bibi harusi.

"Nimetafuta peke yangu," alisema. "Huko juu kwa paini. Iko mingi, mpaka nikaacha ingine."

Kwa paini? Niliokota mmoja. Kofia ilikuwa laini, haina kichomozo, na rangi yake ilikuwa ya kijani kilichopauka, kama pera lisiloiva. Nikaugeuza. Kurasa zilikuwa nyeupe, nyeupe tupu. Nikaunusa, lakini maji yalikuwa yameondoa harufu. Nikashuka na macho kwenye shina kutafuta mguu. Shina lilikuwa limekatwa.

"Mguu uko wapi, Mama Shiku?"

"Miguu ya nani?"

"Ya uyoga."

"Hiyo niliacha huko huko kwa mchanga. Nani anakula mchanga?"

Baba Shiku alicheka pale alipokuwa amekaa. "Mwalimu, hata sukuma wiki hatupiki na mizizi yake."

Niliwaambia wazi kwamba uyoga huo sikuuamini na tuumwage. Uso wa Mama Shiku ulibadilika. Alikuwa amepanda mlima kwenye baridi kwa ajili yangu, ameosha kwa maji ya barafu, amewaambia majirani kwamba leo anamlisha mwalimu chakula cha kwao.

"Kwa hivyo yako ni chakula, yangu ni sumu?"

"Sijasema ni sumu. Nimesema sijui. Na uyoga usioujua hauliwi."

"Si ulinifundisha wewe?"

Ungefanya nini? Ningelimwaga beseni lile kwa nguvu, ningekuwa nimemwaga na urafiki. Nikasema nionyesheni njia, niende nikatazame mahali alipokata. Miguu nitaikuta ardhini, nayo itasema. Kitu kimoja tu niliwaomba: wasipike mpaka nirudi.

"Haya, nenda," alisema Mama Shiku bila kunitazama. "Lakini ukikawia utapata tumemaliza."

Nilidhani anatania. Nikajifunga shali, nikapanda.

Huo msitu ni wa miti ya kupandwa, imesimama kwa mistari kama wanafunzi gwarideni. Ukiingia ndani, mistari yote inafanana. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye matawi, na chini palikuwa na zulia la majani makavu ya paini linalomeza kila sauti, hata ya hatua zangu. Nilitafuta huku nikiinama na kuinuka. Kila nilipofukua majani nilikuta udongo mtupu. Nikageuka nirudi kwenye njia, njia sikuiona. Nikajaribu simu, mtandao haukuwepo. Fikiria jinsi nilivyokuwa: nikikaa naona sufuria motoni, nikienda sijui naenda wapi. Nilikuwa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ndipo harufu ikanijia. Ilikuwa harufu tamu, ya asali iliyokaa mno kwenye chombo. Kwa mara ya kwanza siku hiyo nilijua kwa hakika kwamba niko mahali penyewe, maana nilikuwa nimesoma kuhusu harufu hiyo na ninajua ni ya ule uyoga wa mfuko mweupe. Nikainua kichwa.

Mwanamke alikuwa amesimama kati ya miti miwili. Alivaa sweta la kijani lililopauka na kitambaa kichwani. Alikuwa ameinua pindo la aproni yake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai.

Nilimsalimia kwa Kiswahili. Akanijibu, "Mulembe, mukhana."

Hiyo ni salamu ya kwetu. Ndiyo namna mama wa kwetu anavyomwita binti. Usiniambie ni kawaida. Katika miaka yangu yote ya Wamagana hakuna aliyewahi kunisalimia hivyo, na sauti ile ilikuwa ya mtu aliyenisubiri hadi akachoka.

"Umefuata miguu iliyobaki," alisema, sasa tunaongea lugha yetu. Akanifungulia aproni. Ndani mlikuwa na miguu ya uyoga, rundo zima, imekatwa juu, na kila mmoja chini yake umekaa kwenye mfuko mweupe uliochanika.

"Rafiki yako hukata," alisema. "Hatazami. Mimi pia nilikata. Ulifanana na wa nyumbani, nami nilikuwa nimekumbuka nyumbani. Nilipika, nikawapakulia. Watoto walisema ni mtamu."

Nikaitazama mifuko ile, mmoja baada ya mwingine.

"Usiku waliumwa tumbo, wakatapika sana. Halafu wakaamka wazima, mukhana. Walicheza hapo mlangoni. Nikaimba, nikasema Mungu amesikia. Sikuwapeleka popote. Kumbe sumu ilikuwa bado iko ndani inafanya kazi yake."

Sasa nikuambie kitu. Mimi nimezoea kutazama mguu. Ni mazoea tu, macho yalishuka yenyewe. Watu wengi husimulia kwamba walitazama miguu ya mtu wa ajabu wakaona kwato. Mimi sikuona kwato. Sikuona miguu kabisa. Gauni lake liliteremka hadi ardhini, na pale chini majani ya paini yalikuwa yameinuka kumzunguka, kama yanavyoinuliwa na kitu kinachosukuma kutoka udongoni. Na kuzunguka pindo la gauni, pande zote, palikuwa na ngozi nyeupe iliyochanika, nene kama kidole. Alikuwa amesimama ndani yake.

Nilitaka kukimbia, lakini alikuwa bado amenyoosha aproni. Nikaitandaza shali yangu, sijui kwa nguvu gani, naye akaimimina miguu ile yote humo. Kidole chake kiligusa mkono wangu. Kilikuwa baridi na chenye unyevu, na kilikuwa laini mno.

"Nenda na mteremko," alisema. "Moto umeshawashwa."

Nilikimbia nikiwa nimekumbatia shali kama mtoto. Sikugeuka. Nilianguka, nikainuka, nikatokea kwenye uwazi wa kahawa ya Baba Shiku bila kujua nimepita wapi.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Sufuria ilikuwa imeepuliwa, kitunguu na malai vinanukia, wali umepakuliwa kwenye sahani. Shiku alikuwa amekaa na kijiko mkononi, anapigapiga meza. Mama Shiku alikuwa ameinama juu ya sufuria, analamba kiganja kuonja chumvi.

"Wacha!" nilipiga kelele. "Shiku, weka hicho kijiko chini! Weka!"

Mtoto alianza kulia. Baba Shiku alisimama kwa hasira, akauliza ni tabia gani hiyo. Nilifungua shali mezani. Katika beseni mlikuwa mmebaki uyoga kidogo ambao haukutosha sufuria. Nikachukua mmoja, nikachukua mguu mmoja, nikajaribu kuviunganisha. Havikukubali. Nikajaribu mwingine, na mwingine. Kisha mmoja ukaingia, shina juu ya shina, bila mwanya.

Sasa, kisu cha nyasi cha Mama Shiku kilikuwa na pengo. Kiliwahi kugonga waya wa ua, na tangu hapo kila kinachokatwa nacho hubaki na mstari mdogo ulioinuka, kama mshono. Mshono huo ulikuwa kwenye shina lililotoka beseni. Ulikuwa pia kwenye mguu uliotoka msituni. Vilipokutana, mshono ulikuwa mmoja.

Mama Shiku aliuchukua, akaugeuza. Chini ya mshono wake mwenyewe aliona ule mfuko mweupe niliomwonyesha kwa maneno wakati wa masika.

"Ngai," alisema polepole. "Mwalimu, mimi nimeonja."

"Umeonja mchuzi?"

"Na kipande. Nilikuwa naangalia kama imeiva."

Tulimwaga vyote shimoni. Mama Shiku alisema yuko sawa kabisa, hana hata kiungulia, na ati twende hospitali kusema nini, kwamba mtu ameonja chumvi? Nilimwambia tunaenda sasa, tukiwa na miguu hiyo na mabaki ya beseni ili daktari aone. Baba Shiku, ambaye dakika chache kabla alitaka kunifukuza, ndiye aliyemshika mkewe mkono na kumtoa nje.

Kabla ya mapambazuko alianza kutapika, akiwa tayari wodini. Aliteseka vibaya. Kisha, siku iliyofuata, niliingia nikamkuta amekaa, amejipaka mafuta, anawachekesha wagonjwa wenzake.

"Mwalimu, niambie hawa watu wanitoe. Ng'ombe zangu nani anakamua? Niko fiti."

Walicheza hapo mlangoni, yule mwanamke wa msituni alikuwa amesema. Nilimshika Mama Shiku mabega, nikamsihi asitoke, nikalia mbele ya watu. Daktari naye alikataa katakata kumwachilia. Alisema hicho ndicho kipindi cha udanganyifu, na kwamba ini huwa linaumia wakati mgonjwa anajiona amepona. Jioni macho yake yakawa manjano.

Alipona. Nakuambia hivyo mapema usije ukasononeka. Ilichukua muda, alikonda mpaka nguo zikamkataa, lakini alipona. Daktari alisema kama angelikula sahani nzima, au tungelingoja nyumbani, tungekuwa tunazungumza maneno mengine.

Siku moja tukiwa kwenye benchi la hospitali nilimsimulia mama mkwe wa Mama Shiku, ajuza mwenye akili timamu, niliyoyaona. Hakushangaa. Aliniambia kwamba zamani, miti ile ilipokuwa michanga, palikuwa na kambi ya wafanyakazi wa msitu. "Kulikuwa na mama wa kwenu huko," alisema. "Alikuja na bwana yake, akapanda hizo paini na mikono yake. Watoto wake walikufa, na yeye akafuata. Watu walisema ni kurogwa. Hakuna mtu alijua ni chakula."

Nilirudi msituni na Baba Shiku, mchana kweupe, jua limetoka na mlima unaonekana wote. Nilitaka kuona miguu ilipong'olewa. Tulipapata, si mbali na njia hata kidogo. Na hapo ndipo Baba Shiku alipoacha kuniona mwendawazimu, kwa sababu mkewe alikuwa amekata, na anayekata huacha visiki. Hapakuwa na kisiki hata kimoja. Kila mguu ulikuwa umezungushwa polepole na kuvutwa wote, na kila shimo lilikuwa limerudishiwa udongo. Nilipiga magoti. Juu ya kila shimo, katika udongo uliokuwa bado mbichi, palikuwa na alama ya kidole gumba.

Mama yule alikuwa amefunga milango yote. Alijua tangu utotoni namna ya kufanya, kama mimi. Siku moja tu, mbali na kwao, alibeba kisu.

Mama Shiku sasa hali uyoga wa aina yoyote, hata ule wa dukani. Kisu chenye pengo alikizika. Mimi bado nala wa kichuguu nikienda nyumbani, lakini huku siokoti kitu. Harufu ya asali hunirudia kila msimu wa ukungu, pale mahali kidole kile kiliponigusa, na hakuna sabuni iliyoishinda.

Basi nisikilize, rafiki yangu. Kujifunza uyoga ni jambo zuri, jifunze, uliza wanaoujua wa mahali hapo hapo, usione haya kuuliza mara nyingi. Lakini ulichokijua kwenu usikihamishie udongo mwingine. Usikate, vuta, uone mguu. Usidanganywe na utamu, wala na mdudu aliyeutafuna akabaki hai, wala na kuchemsha sana. Sumu ile haiondoki kwa moto. Ukiwa na shaka, mwaga, hata kama mwenyeji atanuna. Na mtu akishakula, mkimbize hospitali akiwa bado anacheka.

Na kama siku moja, kwenye paini, utasikia harufu ya asali na kumkuta mama amekuinulia aproni, usitazame chini. Kinga shali yako, pokea, umwambie asante. Mimi nilikimbia bila kusema neno hilo, na ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote.